Mipira ya silikoni ya kifaa cha kuvuta: M ya nani?

Mimi ni fundi cherehani wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa hiyo vipimo ndiyo kazi yangu. Kifaa chenyewe cha kuvuta uume nilishauriwa na daktari, kwa sababu ya ugonjwa wa Peyronie, ule unaopindisha uume kwa kovu la ndani. Kifaa sina ugomvi nacho. Neno langu ni juu ya mipira ya silikoni inayouzwa pembeni, ile ya duara kama pete, inayoshika uume nyuma ya kichwa chake ili kifaa kivute.

Muuzaji kaandika S, M, L, basi. M ya nani? Nilichukua mita yangu ya kushonea nikapima mzunguko, uume ukiwa umelala: sentimita 11. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha milimita 35. Mpira uwe mwembamba kidogo kuliko hapo, ushike bila kukaba. Ukiwa mpana unateleza kila ukiinuka kitini. Ukiwa mwembamba mno unazuia damu: ngozi inabadilika rangi, inapoa, inakufa ganzi. Hapo vua mara moja, usivumilie eti umelipa dola zako.

Wangu ukingo wake ni laini, haukati. Lakini unavyonyofoa nywele, Mungu wangu! Poda kidogo inasaidia. Uoshe kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu. Vilainishi vya silikoni usiviguse, vinauharibu. Rangi ni moja tu, ya nyama mbichi, mbaya kabisa. Wakianza kuandika milimita kwenye pakiti, nitanunua tena.