Mhimilishaji wa pikipiki na duka la pembejeo huku Hai: uzoefu wangu

Nafuga ng'ombe ndani ya banda, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, huku Machame, wilaya ya Hai: mama mmoja chotara wa Friesian na mtamba wake, binti ambaye bado hajazaa. Nafasi ya kuweka dume sina, na hata ningekuwa nayo nisingemweka, maana dume anamaliza majani kama ng'ombe wa maziwa na hakupi hata kikombe. Kwa hiyo miaka hii yote nimetegemea watu wawili: mhimilishaji, yaani mtu wa kupandishia ng'ombe mbegu bila dume, anayepanda na pikipiki yake, na duka la pembejeo lililo njia ya kushukia Boma Ng'ombe. Majirani wananiuliza sana kama ni kweli mbegu ya mrija, yaani shahawa za dume zilizogandishwa, "haishiki", na kama duka lile linastahili bei zake.

Nianze na hilo la kushika. Huku kwetu sifa mbaya ya uhimilishaji ilianza na watu, wala haikuanza na mbegu. Kabla ya huyu niliye naye sasa kulikuwa na mwingine, simtaji, aliyekuwa anakuja na mirija kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Mbegu hizi zinakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukishazitoa humo ukazitumbukiza kwenye barafu ya friji, unazunguka kijiji kizima na mbegu zilizoyeyuka, na kila saa inayopita zinazidi kufa. Ng'ombe anapandishwa, baada ya wiki tatu anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena, mwenye ng'ombe anasema "haya mambo ya mrija ni uongo," anampeleka kwa dume la jirani. Hela imeliwa na ng'ombe amekaa tupu.

Huyu wa sasa anakuja na mtungi wenyewe wa naitrojeni umefungwa nyuma ya pikipiki, umevalishwa gunia usigongwegongwe. Siku ya kwanza nilimwomba anionyeshe naitrojeni imebaki kiasi gani, na hakununa. Alichukua kijiti cha mbao, akakitumbukiza hadi chini, akakitoa na kukipunga kidogo hewani. Sehemu iliyokuwa ndani ya kimiminika ikashika ukungu mweupe, ukaona kabisa kina kimefika wapi. Tangu hapo nikawa mteja wake. Mhimilishaji anayekataa kufungua mtungi mbele yako, mwache aende zake.

Kazi yake ni ya kuangalia. Anaanza kwa kumimina maji ya uvuguvugu kwenye chupa ndogo na kuyapima kwa kipimajoto, yawe nyuzi 35 hadi 37. Kisha anauvuta mrija kwa kibano, hauinui juu ya shingo ya mtungi ila sekunde chache, anautumbukiza kwenye maji na kuangalia saa yake. Wewe unaweza kudhani amesahau anachofanya, kumbe anahesabu. Anaukausha vizuri kwa karatasi laini, maana tone la maji likiingia linaharibu mbegu, anaukata ncha kwa mkasi, anaupachika kwenye kile chuma chembamba cha kupandishia, halafu anakificha ndani ya shati lake kisipoe wakati anavaa glovu inayofika begani. Kinachofuata ni kifupi kuliko maandalizi yote. Ng'ombe wangu, ambaye hata mimi ananipiga teke nikikosea kumkamua, alisimama anatafuna tu.

Halafu kuna suala la saa, na hapa mkulima ndiye mwenye kazi. Kanuni wanayotumia wote ni moja: ukimwona kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, ukimwona jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Shida yetu sisi wa kufugia bandani ni kwamba ng'ombe hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo ile dalili kubwa, ya kusimama ametulia akipandwa, huioni. Tunabaki na ute mwangavu unaovutika kama uzi, kulia kusikoisha, maziwa kupungua ghafla, na kukataa majani aliyoyashangilia jana. Ukiona damu kidogo kwenye mkia, ujue joto limeshapita. Usimsumbue mtu na pikipiki, andika tarehe na uhesabu siku 18 hadi 20 mbele. Mhimilishaji wangu ukimpigia simu anakuuliza kwanza umeona nini na saa ngapi, na kuna wakati ameniambia wazi, "Mama, leo nisije, utatupa hela yako." Mtu anayekataa hela kwa sababu ya aina hiyo namwamini.

Kuhusu uchaguzi wa mbegu, anatembea na orodha. Nyingi zinatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, pale Usa River, ambako kwetu si mbali, na nadhani hiyo ni bahati yetu watu wa kaskazini kuliko aliye ndani kabisa ya Katavi. Mwanamume wa kwetu akiulizwa anataka mbegu gani atasema Friesian, tena lile dume kubwa kuliko yote. Kwa mama aliyekwisha kuzaa, sawa. Kwa mtamba mwenye mwili mdogo ni kutafuta taabu ya kuvuta ndama usiku kwa kamba. Mtamba wangu nilimchagulia Jersey. Ndama wake ni mdogo, anatoka kwa urahisi, akikua anakula kidogo kuliko Friesian, na maziwa yake yana mafuta mengi. Ndoo haijai sana, lakini sisi tunaobeba majani kichwani kutoka tambarare tunajua kilo moja ya majani ina uzito gani.

Jambo jingine ambalo kwa dume la jirani hulipati ni kadi. Anaandika jina na namba ya dume, tarehe ya kupandisha, tarehe ya kuangalia kama atarudi kwenye joto, na tarehe ya kuja kumpima mimba kwa mkono, miezi miwili hadi mitatu baadaye. Kijiji chetu kilikuwa na dume mmoja maarufu aliyezaa na mabinti zake na wajukuu zake, na hakuna aliyeshangaa ndama walipoanza kuwa vijiti. Achilia mbali magonjwa ya uzazi yanayohama na dume kutoka banda hadi banda.

Malipo yake hayana utata: bei anaitaja kwenye simu, mafuta yakiwemo, na ng'ombe akirudi kwenye joto anapunguza safari ya pili ingawa hairudii bure. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, zile zinazotoa majike kwa takriban asilimia 90, anazo pia, lakini bei yake ni mara kadhaa ya zile za kawaida na mwenyewe anashauri usiziweke kwa ng'ombe mwenye historia ya kutoshika. Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, naitrojeni ikimwishia haaminiki, anasema "kesho" na joto la ng'ombe halingoji kesho. Angetuunganisha na mwenzake wa kata ya jirani. Pili, Jumapili simu yake haipatikani hadi ibada iishe. Ng'ombe hawajui Jumapili. Ila nampa nne kwa tano bila kusita.

Duka sasa. Naligawa mara mbili, kwa sababu upande wa dawa na upande wa chakula ni kama maduka ya watu tofauti.

Upande wa dawa sina neno baya. Friji inafanya kazi na kipimajoto kimening'inia ndani, umeme ukikatika dada wa dukani hafungui mlango wake, na chanjo anakufungia na barafu hata kama unakaa hapo juu tu. Dawa ya kuogeshea kupe haipimi kwenye chupa ya soda kama wanavyofanya wengine sokoni. Anakuuzia kopo dogo lenye maandishi na kukusomea kiasi cha maji. Nilipomuulizia sindano ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, alinitajia mtaalamu wa kuja kumchanja ndama. Chanjo ile mnyama hupewa mara moja tu, tena huambatana na dawa ya kuzuia ugonjwa usimzidi, kwa hiyo haifai kuuziwa mtu aende kujaribu mwenyewe. Kwa kuku ana chanjo ya kideri ya tone la jicho, inayorudiwa kila miezi mitatu, na anakukumbusha usiwachanje waliokwisha kuugua.

Upande wa chakula ndipo moyo unaponiuma. Mashudu ya alizeti ni mazuri, yana harufu yake na hayajashikana mabonge. Lakini pumba! Kuna wakati gunia ni pumba ya mahindi kweli, na kuna wakati ndani yake kuna maganda ya mpunga yaliyosagwa. Dada wa dukani anasema ndivyo mashine inavyoleta. Siku hizi nakwenda na bilauri yangu, namwaga pumba kiganja kimoja kwenye maji palepale kaunta: maganda yanaelea, mchanga unazama, na foleni nzima inatazama. Mara ya kwanza alikasirika. Sasa ananifungulia gunia jingine kabla sijaitoa bilauri kwenye kikapu. Chakula kikiwa na ukungu au harufu ya uvundo sikichukui hata kwa nusu bei, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inapita kwenye maziwa na maziwa hayo wanakunywa wanangu kwanza.

Jiwe la chumvi la ng'ombe kulamba ni ghali kuliko mjini Moshi, ila ukihesabu nauli inalingana. Mbegu za majani wanazouza sikuziona za maana. Vipando vya matete unapewa bure na jirani.

Duka nalipatia alama tatu na nusu kwa tano, zote karibu za friji. Kwa mgeni anayeanza na ng'ombe mmoja: muulize mhimilishaji namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari, mwombe afungue mtungi, na kadi uitunze ndani ya nyumba, si kwenye banda, kwa sababu yangu ya kwanza iliishia tumboni kwa mbuzi.