Nimezipima rejista za kujifungia kamari mtandaoni, kutoka upande wa pili wa dirisha

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuwajibu watu wanaotaka kutoka. Nilikaa dawati la wateja la kampuni ya kamari ya mtandaoni (jina nalihifadhi), zamu ya usiku, madirisha sita ya kuchati yakiwa wazi kwa mpigo. Wengi walikuja kuuliza hela yao imekwama wapi. Lakini ikishafika saa nane usiku maswali hubadilika sura. Mkeka umechanika, mshahara umekwenda nao, na mtu anaandika neno moja tu: "Nifungieni."

Kwa hiyo msinitarajie niseme nani ana odi nzuri wala bonasi nono. Ninachopima hapa ni huduma ambayo ni nadra kuona mtu ameiandikia maoni: ile rejista inayotambuliwa na serikali, ambayo ukijiandikisha mara moja kila kampuni yenye leseni ya nchi hiyo inatakiwa ikufungie mlango. Nimezitumia kadhaa nikiwa upande wa kampuni. Najua zinapong'ata na zinapovuja.

Kabla ya rejista hizi, kujifungia lilikuwa jambo la kampuni mojamoja. Ukijifungia kwetu, dakika tano baadaye umeshafungua akaunti kwa mshindani wetu naye anakupokea kwa bonasi ya kukukaribisha. Na hata kwetu haikuwa rahisi. Jibu tuliloandaliwa lilikuwa na hatua nne: mpe pole, muulize sababu, mshawishi achukue mapumziko ya saa 24 badala ya kufunga kabisa, akizidi kung'ang'ania, mtupie bonasi ndogo ya kumshukuru kwa kuwa nasi. Hiyo hatua ya nne nimeituma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Naanza na GAMSTOP ya Uingereza kwa sababu ndiyo niliyoizoea zaidi. Ilianza 2018, na tarehe 31 Machi 2020 kujiunga nayo kukawa sharti kwa kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya huko. Ni bure. Unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na ukishachagua huna wa kumlilia, maana kabla ya muda kwisha hakifutwi kitu. Nilikuwa na mteja aliyejifungia miaka 5 siku ya Ijumaa. Jumapili akarudi. Mwanzoni alikuwa mpole, halafu akatukana, mwishowe akadai aliyejiandikisha ni kaka yake mwenye jina linalofanana na lake. Nilitafuta kitufe cha kumfungulia kwa mazoea tu, hakikuwepo. Asubuhi ile nililala vizuri.

Udhaifu wa GAMSTOP uko kwenye utambulisho. Uingereza haina namba moja ya raia ambayo mtu huingia nayo kila mahali, kwa hiyo mfumo unalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na anwani. Jina likikosewa herufi moja, barua pepe ikiwa mpya, kulikuwa na waliopenya. Mdhibiti wao, Gambling Commission, alishaliona tatizo kubwa zaidi: kwa miaka mingi kampuni ziliruhusiwa kumthibitisha mteja ndani ya saa 72, yaani mtu anaweka hela na kucheza kwanza, kitambulisho baadaye. Tangu Mei 2019 ni lazima athibitishwe kabla ya kuweka dau la kwanza. Nyie mliowahi kushinda mtakumbuka mchezo ule: hela inaingia bila kuulizwa jina, ila siku ya kutoa ndipo unaombwa pasipoti, bili ya umeme na picha umeshika karatasi. Sheria ile iliniondolea nusu ya matusi niliyokuwa nikiyapokea.

Kwa utambulisho, Wasweden wamewaacha mbali. Soko lao lilifunguliwa kwa leseni tarehe 1 Januari 2019, na Spelpaus ikaanza nalo siku hiyohiyo. Mchezaji anatambulika kwa namba yake ya raia, mara nyingi kupitia BankID, kitambulisho chao cha kidijitali kinachotolewa na benki, na kila akijaribu kuingia kampuni inaiuliza rejista kwanza. Ujanja wa herufi haupo. Kingine nilichokipenda ni kwamba waliojiandikisha hawaruhusiwi kutumiwa matangazo ya moja kwa moja, na mtu aliyeacha pombe halafu kila jioni anapitishiwa glasi puani atawaelezeni uzito wa jambo hilo. Ila nina ugomvi nao mmoja. Ukichagua mwezi 1, miezi 3 au 6, muda ukiisha mlango unafunguka wenyewe. Niliziona akaunti zikirudi usiku uleule muda unapokwisha, kama mtu aliyekuwa akihesabu siku ukutani. GAMSTOP hapo ina akili zaidi: muda ukiisha kufuli linabaki palepale hadi mwenyewe uombe litolewe, na ukishaomba unasubiri saa 24. Huko Sweden, anayetaka la kudumu achague lile lisilo na kikomo, ambalo halifunguliwi kabla ya miezi 12.

Denmark walitangulia wote hao. Wana ROFUS tangu 2012, na unaweza kujifungia hata kwa saa 24 tu. Sina la kulalamika.

Sasa Uholanzi. Dawati letu lilikuwa likipokea ujumbe wa wake, waume na akina mama. "Mwanangu anacheza hela ya karo, mfungieni." Tulijibu kwa sentensi moja iliyopitishwa na wanasheria: hatuwezi kuzungumzia akaunti ya mtu mwingine. Ilikuwa kweli, na ilikuwa ukatili. Rejista ya Uholanzi, CRUKS, iliyoanza kazi soko la mtandaoni lilipofunguliwa Oktoba 2021, imeweka njia: mwenyewe unaweza kujifungia kwa miezi 6 au zaidi, lakini pia ndugu wa karibu, au kampuni yenyewe, anaweza kumwomba mdhibiti amwandikishe mchezaji bila ridhaa yake. Si kwamba unapiga simu na jambo limekwisha. Ombi linachunguzwa, na mhusika anapewa nafasi ya kujitetea. Najua wapo watakaosema huko ni kuingilia maisha ya mtu mzima. Wangekaa kiti changu wiki moja.

Wajerumani wao wamejenga ngome. Mkataba wa majimbo yao ulioanza Julai 2021 unaweka kikomo cha hela ya kuingiza kwenye akaunti, euro 1,000 kwa mwezi, na kikomo hicho ni cha kampuni zote kwa pamoja, kinahesabiwa kwenye faili moja la taifa. (Ubelgiji kikomo ni euro 200 kwa wiki, lakini kwa kila tovuti. Fungua tovuti tano, fanya hesabu mwenyewe.) Kwenye mashine za sloti za Ujerumani dau halizidi euro 1, na mzunguko mmoja usipungue sekunde 5. Huruhusiwi kucheza kwa kampuni mbili kwa wakati mmoja. Halafu kuna kitufe changu kipenzi katika biashara yote hii: kinakaa wazi kwenye skrini, ukikibonyeza umefungiwa saa 24 papo hapo, kote, kupitia rejista yao ya OASIS. Hakuna fomu, hakuna kuulizwa sababu, wala mtu kama mimi wa kukupa pole na bonasi. Aliyekibuni bila shaka alishawahi kuwa macho saa nane usiku.

Lakini ngome ina bei yake, na hapa lazima niwe mkweli. Mchezaji wa kawaida asiye na tatizo lolote anazichoka zile sekunde 5. Anaanza kutafuta mahali pasipo na sekunde. Na mahali hapo papo. Kuna kurasa zinazojitangaza kwa Kiingereza kwamba zinaorodhesha kasino ambazo "haziko GAMSTOP", yaani kutokuwa na kufuli ndiyo sifa ya bidhaa! Nyingi zina leseni za visiwani. Curaçao kwa miaka mingi ilikuwa na leseni kuu nne tu, na wenye nazo wakawa wanagawa leseni ndogo chini yao. Sheria mpya iliyoanza Desemba 2024 imeufuta mpangilio huo na sasa serikali inatoa leseni yenyewe. Tutaona. Norway imeamua kupigana upande wa hela: tangu 2010 benki zake zimekatazwa kupitisha malipo ya kamari ya kampuni zisizo na kibali, na mwaka 2025 ikaongeza kuzuia tovuti zenyewe. India imekwenda mbali zaidi, Agosti 2025 ikapiga marufuku michezo yote ya mtandaoni ya kuwekea hela. Ufaransa inaruhusu kubeti na poka, kasino ya mtandaoni hapana. Anayetaka kujifungia kwa mdhibiti wa huko anaanzia miaka 3, haipunguzwi.

Australia nimeiweka karibu na mwisho kwa sababu inachekesha kidogo. Sheria yao ya 2001 inakataza kubeti mtandaoni mechi ikiwa imeshaanza, lakini ukipiga simu inakubalika. Rejista yao ya taifa, BetStop, ilichelewa hadi Agosti 2023, ila ilipokuja ilikuja vizuri: unaanza na miezi 3, unaweza kwenda hadi maisha yako yote. Marekani sina alama ya kuipa. Mahakama ya Juu ilipoondoa zuio la kubeti michezo mwaka 2018, kila jimbo likajitungia lake, na kujifungia nako kukabaki kwa jimbo. Ukivuka mpaka kwa gari, kufuli linabaki nyuma.

Ningekuwa mimi ndiye ninayejifungia, ningechukua kitufe cha Wajerumani, utambulisho wa Wasweden, ukaidi wa GAMSTOP muda unapokwisha, na ile njia ya ndugu ya Waholanzi. Kwa sababu hakuna nchi inayokupa vyote, ukijiandikisha chagua muda mrefu kuliko unaodhani unahitaji, siku hiyohiyo iombe benki yako izuie malipo ya kamari kama inatoa huduma hiyo, na uweke programu ya kuzuia tovuti kwenye simu. Fanya yote kwa mkao mmoja, kabla hujalala.

Yule mteja wa Ijumaa, nikihesabu vizuri, miaka yake 5 inaisha mwaka huu. Sipo tena kwenye lile dawati, kwa hiyo sitajua kama aliomba afunguliwe.