Ruger 10/22 na Risasi Zinazoifaa

Kwa miaka miwili nimeitumia bunduki ya Ruger 10/22 katika uwanja wa kulengea shabaha ulio nje kidogo ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, ninakoishi, na nimekwisha kufyatua kwayo risasi zisizopungua elfu nne. Mimi si mwindaji wala askari. Napenda tu kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi, na maoni yangu yapimwe kwa kipimo hicho.

Bunduki hii ilianza kuuzwa mwaka 1964 na hadi leo inatengenezwa, hivyo vipuri vyake vimejaa madukani na ni nadra kumkosa uwanjani mtu anayejua kuifungua na kuifunga. Yangu ina kitako cha mbao, mtutu wa inchi 18.5 na uzito wa kilo mbili na robo hivi, nami niliinunua kwa dola 300 na ushei. Inatumia risasi ndogo ya .22 (kipenyo chake ni takriban inchi 0.22), ambayo teke lake ni msukumo mwepesi begani, kwa hiyo hata mgeni wa silaha hazoei kufumba macho kabla ya mlio. Kilichonivutia zaidi ni magazini yake, yaani kisanduku kinachoshika risasi, ambayo hubeba risasi kumi. Risasi za .22 zina ukingo uliojitokeza kwenye kitako cha ganda, na zikirundikwa moja juu ya nyingine kingo hizo huweza kunasana; humu zimepangwa kuzunguka kigurudumu, kila moja katika nafasi yake, na magazini nzima huzama ndani ya bunduki bila kuchomoza.

Kasoro zipo. Kifyatulio ni kizito kiasi cha kumtikisa mlengaji wakati ule ule anapotakiwa kutulia, na kile chepesi kinachouzwa na kampuni ya Ruger yenyewe kina bei yake. Risasi zikiisha, bolti, yaani kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi, haibaki wazi, kwa hiyo mara nyingi hujua magazini ni tupu baada ya kusikia “tak” kavu. Kinachoniudhi hasa ni usafishaji: nyuma ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hakuna tundu, hivyo ufito wa kusafishia hupitishwa kutokea mdomoni mwa mtutu, na mkono usio mwangalifu unaweza kuukwaruza mdomo huo ambao usahihi wa bunduki unautegemea.

Hata hivyo, bunduki hii huwezi kuihukumu kabla ya kuzijaribu risasi zake. Fataki ya .22, yaani kilipuzi kidogo kinachowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda. Hupakwa ndani ya ukingo, na pini ya bunduki hugonga hapo. Isipoenea sawasawa, pini huweza kuangukia mahali patupu na risasi isilipuke, ingawa ukiigeuza kidogo na kuirudisha huenda ikakubali. Mwaka jana muuzaji mmoja alinishawishi ninunue kasha la risasi 500 za bei ya chini, na katika kila mia moja, nne au tano ziligoma. Zilizolipuka nazo zilitawanyika: kwa umbali wa mita 45, matundu kumi yalienea upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Nilipobadili nikatumia Standard Velocity ya kampuni ya CCI, yenye kichwa cha gramu 2.6 na mwendo wa takriban mita 326 kwa sekunde, yaani chini kidogo ya kasi ya sauti, matundu kumi yalifunikwa na kizibo cha chupa ya soda. Bunduki ni ile ile, na mlengaji ni yule yule. Majira ya baridi, mafuta yanapoganda ndani ya bunduki, huhamia Mini-Mag ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ina nguvu zaidi na huisukuma bolti bila kusita. Risasi za mashindano za Eley kutoka Uingereza ni bora, lakini kwa bunduki ya kawaida kama hii sioni sababu ya kulipa bei yake.

Wenzangu waliohamia huku huniuliza kama wanaruhusiwa kununua. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa chini ya sheria ya shirikisho: atajaza dukani Fomu 4473, ile ya mnunuzi wa silaha, na jina lake litachunguzwa na FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache kama kibali halali cha uwindaji. Nilipochunguzwa mimi, jibu lilichelewa siku mbili, na sikunung’unika, maana naona uchunguzi huo ni mdogo kuliko uzito wa kinachouzwa. Wale wanaokuuzia .22 kwa maneno ya kulinda nyumba siwaelewi kabisa. Hata hivyo, udogo wa risasi usikudanganye, kwani makasha mengi yana onyo kwamba inaweza kuruka maili moja na nusu, karibu kilomita 2.4. Bunduki yangu inalala ndani ya sanduku la chuma, na risasi zimefungiwa chumba kingine.

Kama ningenunua upya leo, ningechukua hii hii ya mbao pamoja na magazini mbili za ziada, kisha makasha matatu ya risasi 50 za aina tofauti, niyamalize uwanjani kabla ya kununua kwa wingi.