Wajawazito wenye sukari mlioko Moshi, kuna mama wa kiburu pale Mbuyuni

Aisee nimekula hapa karibu kila siku ya kazi tangu mimba ina wiki 27 mpaka sa hivi naingia ya 37, kwahiyo nachosema nakijua. Ni kibanda tu nyuma ya Soko la Mbuyuni, meza nne, hamna bango, ulizia mama wa kiburu (kile chakula cha Kichaga cha ndizi na maharage) utaonyeshwa.

Kilichonipeleka ni hiki. Kliniki walininywesha ile glukozi ya gramu 75 na nilikuwa sijala tangu usiku, ile damu ya kwanza kabla hata sijanywa ikasoma 5.4 (kipimo cha mmol/L, na namba zote za sukari humu ni hicho hicho), wakati kwa mjamzito ikifika 5.1 tu tayari ni kisukari cha mimba. Nilibisha sana maana kwetu hamna mwenye sukari. Nesi akanielewesha taratibu, kondo la nyuma linatoa homoni zinazozuia insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri, kongosho linatakiwa liongeze insulini ili kufidia, la wengine linamudu na la wengine linaelemewa, ndo maana wengi wanapimwa wiki ya 24 mpaka 28. Akasema nijipime saa moja baada ya kula, isifike 7.8.

Na mchana mi nilikuwa mtu wa chipsi mayai na soda, miaka kabla hata sijabeba mimba. Kuna utafiti ulitoka 2016 kwenye jarida la BMJ, manesi wa Marekani zaidi ya 15,000 walifuatiliwa 1991 mpaka 2001, waliokuwa wanakula viazi mara nyingi kabla ya mimba walionekana kupata hiki kisukari zaidi, na hesabu zao zilionyesha hatari inakuwa ndogo pale baadhi ya viazi vinapobadilishwa na mboga, jamii ya maharage au nafaka isiyokobolewa. Haithibitishi kwamba viazi ndo vilinipa mimi, ila hayo mambo natamani ningeyasikia kabla, kliniki tunaenda mimba ishaingia.

Sasa chakula chenyewe. Siku ya kwanza nimemwambia mama nina mimba na nina sukari, hakushangaa wala hakunionea huruma, kaniuliza tu "Umeambiwa upunguze nini, mwanangu?" Akachota wali kidogo, maharage ya kutosha, mboga ya mnafu imejaa nusu ya sahani, na dagaa juu. Baada ya saa moja nikajichoma kidole, 6.9! Chipsi mayai za kibanda kingine wiki ile ile zilinipa 10.2. Nilikaa pale kwenye benchi machozi yananilenga kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa kula kabisa.

Kiburu chake ndo kitamu kuliko vyote, ila hapa muwe makini. Sisi tumekua tunaamini ndizi ni chakula cha nyumbani haina shida, mama mkwe wangu ndo kabisa, kila nikienda Marangu ananijazia bakuli anasema kula mko wawili. Ndizi ni wanga jamani. Sahani nzima ya kiburu ilinipandisha 8.6, nusu sahani na mnafu pembeni na kipande cha kuku ikawa 7.1. Namba zangu hizo, mwili wako unaweza kujibu tofauti, pima. Na kama uko kwenye insulini usijikatie wanga mwenyewe mpaka uongee na daktari, sukari inaweza kushuka vibaya.

Yasiyonifurahisha yapo. Uji wake unapikwa na sukari kabisa humo sufuriani, juisi ya parachichi nayo mpaka uwahi kusema asitie. Mboga chumvi inazidi siku nyingine, nimemwambia mara mbili akapunguza alafu ikarudi. Siku za mnada wa mitumba panajaa mno, nimewahi kusubiri dakika 40 na njaa ya mimba mnaijua.

Sahani ni 3,500 na kuku, bila kuku 2,000, na ukisema upunguziwe wali unaongezewa mboga bila kulipa zaidi. Mi nikishajifungua naambiwa nirudi kupima tena wiki ya 6 mpaka 12, na nitaendelea kula kwake hata majibu yakija safi. Nendeni kabla ya saa saba maana mnafu unaisha mapema, ukichelewa unakuta kabichi.