Ziara ya baiskeli siku mbili Wendland, Ujerumani: nyota 4, ya tano imeliwa na cheni

Nipo Hamburg mwaka wa saba na Lüchow-Dannenberg, ndiyo hiyo Wendland, nilikuwa naiona tu kwenye pleti za magari, DAN. Ni wilaya ya mashariki kabisa ya jimbo la Niedersachsen, kando ya mto Elbe, watu hawafiki 50,000 na autobahn, zile barabara kuu za kasi, haipiti hata moja, kwa hiyo msiende kutafuta maisha ya mjini.

Tulikuwa sita na mzee mwenyeji anayetuongoza. Vile vijiji vya duara ndo vilinimaliza. Pale Lübeln nyumba zote zimegeuza uso katikati kama watu wanaoota moto, mlango mmoja mkubwa wa kuingiza mkokoteni na nyasi zake, zamani ng'ombe na watu walilala chini ya paa moja. Mzee akasema wenyeji wa huku walikuwa Waslavi, Wawendi, na lugha yao ilizimika miaka ya 1700, kuna mkulima wa Süthen anaitwa Johann Parum Schultze aliandika kwamba yeye na wengine watatu wakishaondoka kijijini kwao hakuna atakayejua mbwa anaitwaje Kiwendi. Hapo nilinyamaza, maana mwanangu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani.

Cheni ikachomoka hapohapo. Mara tatu kwa siku moja jamani! Mzee wa watu ndo aliirudisha kwa mikono yake, akajifuta grisi kwenye majani, tukaendelea.

Siku ya pili Gorleben. Hii stori nilikuwa naijua juujuu: 1977 serikali ya jimbo ikachagua chumvi ya chini ya ardhi pale iwe kaburi la taka za nyuklia, kijiji kilikuwa mpakani na Ujerumani Mashariki, watu wachache, wakadhani hakuna atakayepiga kelele. Wakulima wakapanda matrekta mpaka Hannover, mji mkuu wa jimbo, 1979 kupinga, na mapambano yakaendelea miaka na miaka mpaka 2020 eneo likaondolewa kwenye orodha ya sehemu za kuzika taka hizo. Ila makontena 113 ya taka bado yapo kwenye ghala pale juu. Ile X ya njano ya mbao, alama ya wapinzani wa taka hizo, utaiona kila banda, zingine rangi imeshababuka.

Kilichonikera ni daraja la reli la Dömitz, juu ya Elbe, tumepewa dakika kumi tu! Lilipigwa mabomu Aprili 1945, upande wa pili ukawa nchi nyingine, hawakulijenga tena, limebaki linakwenda mpaka mtoni halafu basi. La magari lenyewe limefunguliwa upya 1992.

Ushauri: treni ya Lüneburg kwenda Dannenberg ni chache, ukiikosa utakaa sana, na baiskeli ijaribuni kabla hamjasaini. Mimi niliomba nirudishiwe nusu ya hela ya kukodi, nimeshawaandikia mara mbili, kimya.