Adapalini kwa chunusi: uzoefu wangu wa miezi saba hapa Mwanza

Nianze na jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Dawa hii nusura niitupe wiki ya nne, na wiki ya nne ndiyo wengi wetu tunapoiacha. Tunasema "imenikataa." Na mimi nilisema hivyo hivyo, nikaifunga kwenye mfuko, nikairusha juu ya kabati.

Dawa yenyewe ni jeli nyeupe ya kupaka, tyubu ya gramu 15, na kwenye boksi imeandikwa Adapalene 0.1%. Mfamasia anaiita adapalini, nami nimezoea hivyo. Duka la dawa muhimu la mtaani kwetu hawakuwa nayo, nikaipata famasi kubwa mjini kwa shilingi 18,000, baada ya daktari wa ngozi kuniandikia.

Nina miaka 27, nafanya biashara ya dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Sisi wa dagaa mwezi tunauhesabu kwa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na soko linapoa. Kwa hiyo na dawa hii nimeihesabia hivyo: giza la kwanza, la pili, la tatu.

Chunusi zilinianza kidato cha pili na hazikuondoka. Puani vichwa vyeusi, kwenye paji la uso vile vipele vidogo vingi visivyo na usaha, kidevuni na mashavuni ndiko kulikuwa na kubwa zenye kuuma, zikipona zinaacha doa jeusi la miezi. Nimejaribu limau, dawa ya meno, sabuni ya mche na majivu. Kilichonidhuru kweli kilikuwa mkorogo. Miaka mitatu iliyopita saluni moja iliniuzia krimu kwenye kikopo kisicho na lebo. Ndani ya wiki moja uso ulisafika, watu wakanisifu, nikarudi kununua tena. Nilipoikosa siku kumi tu, uso ukalipuka vipele vyekundu hadi shingoni na ngozi ikawa inawaka kila jua linaponigusa.

Daktari aliponisikiliza aliniambia dalili zile ni za krimu yenye steroidi. Inatuliza uvimbe haraka, ndiyo maana unaipenda, huku ngozi inakuwa nyembamba, na siku ukiiacha vipele vinarudi kwa nguvu. Mikorogo mingine inatiwa hidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu wasichana wa rika langu bado wanauziwa vikopo vile vile. Kama dawa ya uso haina jina, haina tarehe ya kwisha muda na muuzaji hataki kukuambia imetiwa nini, usiipake.

Daktari alinipumzisha kwanza, nikakaa wiki kadhaa na sabuni laini na losheni isiyo na manukato, ndipo akaniandikia adapalini. Alinieleza kwa namna niliyoielewa. Kila kinyweleo kina tundu lake, na ndani ya tundu hilo ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo kama inavyobanduka huku juu. Kwa mwenye chunusi vipande vile vinanata, vinachanganyika na mafuta ya ngozi, vinaziba njia. Mafuta yanajaa chini yake, bakteria wanapata makazi, panavimba. Dawa nyingi tulizozoea zinahangaika na kipele kilichokwisha kuvimba. Adapalini inaanzia nyuma zaidi, inazuia zibo lisijengeke. Ndiyo maana inapakwa sehemu yote inayotoka chunusi, hata pale palipo safi leo. Na ndiyo maana inachelewa: kipele unachokiona asubuhi hii kilianza kujengeka wiki nyingi nyuma. Aliniambia nisiihukumu kabla ya wiki 12.

Ni dawa ya jamii ya retinoidi, ndugu wa vitamini A. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa chunusi ilikuwa tretinoini, mwaka 1971. Adapalini ikafuata 1996, na kwa kawaida inawasha kidogo kuliko tretinoini. Tangu 2016 hii ya 0.1% inauzwa kule bila cheti cha daktari. Shangazi, ninayekaa naye Kitangiri, aliposikia vitamini A akaninunulia maini na papai. Nilikula kwa shukrani, ni chakula kizuri, lakini zibo la kwenye kinyweleo halitolewi na maini. Na msije mkafakamia vidonge vya vitamini A mkidhani ni njia ya mkato. Vikizidi mwilini vina sumu.

Nilianza wakati wa mbalamwezi, nikiwa na nafasi ya kukaa nyumbani. Giza la kwanza halikuwa baya. Uso ulikauka kidogo, pembeni ya pua pakabanduka. Nikaona mambo yanaenda polepole, basi nikaongeza. Nikawa napaka kila usiku, mara nyingine na asubuhi, na kila chunusi naidondoshea tone lake naisugua. Wiki ya tatu kuelekea ya nne, midomo ilipasuka pembeni, mashavu yakawa yanachoma hata kwa maji ya kawaida, na kidevuni vikatoka vipele vipya vingi kuliko nilivyokuwa navyo kabla ya kuanza. Giza la pili lilikuwa limeingia, magunia yanashushwa kutoka visiwani, wateja wa Kongo wapo, na mimi najifunika kanga hadi machoni.

"Mwanangu, hii imekukataa," shangazi alisema. "Iache kabla haijakuharibu kama ile nyingine."

Sikumlaumu. Alinilea na alishaniona nikilia kwa ajili ya uso huu. Ndipo ikaenda juu ya kabati.

Siku nne baadaye nilipita famasi kutafuta mafuta ya kutuliza. Dada yule aliyeniuzia akanikumbuka.

"Mdogo wangu, unapaka kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwenye kidole, urefu kama wa dawa ya meno kwenye mswaki.

"Uso mzima unataka punje moja ya njegere. Moja. Na unapaka uso ukiwa mbichi?"

"Ndiyo dada, nikishanawa tu."

"Basi haijakukataa, umeikimbiza."

Alinieleza vitu viwili nilivyokuwa navichanganya. Ukavu, kubanduka na kuchoma ni ngozi kuwashwa na dawa, na hapo dawa ni kupunguza: punguza kiasi, punguza siku, ongeza losheni. Vile vipele vipya ni jambo jingine. Dawa inaharakisha ngozi kujibadilisha, kwa hiyo mazibo yaliyokuwa yamejificha chini yanatoka juu kwa pamoja. Huwa ni wiki za mwanzo, halafu vinapungua. Ila akanionya pia: uso ukivimba, macho yakivimba, ukipata malengelenge au muwasho usiovumilika, hapo acha na urudi kwa daktari, usivumilie. Mimi sikuwa na hayo.

Nikaishusha kabatini. Tangu hapo nafanya hivi. Jioni nanawa kwa sabuni laini, najipangusa kwa kugusa, bila kusugua, nasubiri kama dakika 20 uso ukauke kabisa. Pembeni ya pua, pembeni ya midomo na chini ya macho naweka mafuta ya mgando kidogo ili dawa isikusanyike pale. Napaka losheni nyepesi, kisha ile punje naigawa: paji, mashavu mawili, kidevu, naitandaza kwa vidole hadi ipotee, kisha losheni tena juu. Wiki mbili za kwanza za kuanza upya nilipaka siku mbili tu kwa wiki. Kisha siku tatu. Ilinichukua karibu miezi miwili kufika kila usiku, na hata hapo nikiona ngozi inavuta nilikuwa naruka usiku mmoja bila wasiwasi. Sabuni ya mche niliiacha, limau niliiacha, kusugua uso kwa kitambaa kigumu niliacha, na nyusi sitoi tena kwa nta maana ngozi ya mtumiaji wa dawa hii inachunika kirahisi.

Jua ndilo lililokuwa kazi ngumu. Ngozi ikiwa kwenye dawa hii inaungua kirahisi, na kwetu sisi weusi jua lina ubaya mwingine: doa lililoachwa na chunusi linazidi kuiva. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwa unakudanganya kwamba hakuna joto, saa sita umesimama kwenye mizani pale Mwaloni, jua linakupiga utosini. Nilinunua losheni ya kukinga jua, SPF 30. Ya kwanza iliniacha na weupe kama niliyejipaka unga, wateja wakaniuliza kama naumwa. Ya pili, ya jeli, inaingia vizuri lakini ni ghali kuliko dawa yenyewe na inaisha haraka, kwa sababu inabidi kurudia ukitoka jasho. Kofia pana ya ukindu imenisaidia kuliko nilivyotarajia, na hiyo haina gharama ya kila mwezi. Watu wameniuliza pia kuhusu Kilisun, ile losheni inayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Ile imetengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua hili linawaletea saratani. Naomba tuwaachie, sisi tuna kofia.

Giza la tatu nilianza kuona tofauti kwa mkono kabla ya macho. Nilikuwa nanawa, nikapitisha vidole kwenye paji la uso, pakawa laini. Vile vipele vidogo vimekwenda. Kidevu kilichelewa zaidi, mwezi wa tano wa kutumia dawa ndipo chunusi kubwa zenye kuuma zilipoacha kuja kwa makundi. Sasa nikikaribia siku zangu inatoka moja au mbili, inapona ndani ya siku chache. Madoa yamefifia, hayajaisha. Shavu la kushoto nina vishimo viwili vya kovu kutoka enzi za mkorogo, na hivyo adapalini haijavijaza. Daktari alishaniambia nisitegemee.

Nikiulizwa nyota, naipa nne kati ya tano. Ile moja naiondoa kwa ajili ya wiki zile za mwanzo, ambazo karatasi ya ndani ya boksi inazigusia kwa mistari michache ya maandishi madogo ya Kiingereza, na kwa ajili ya gharama ya losheni ambayo huwezi kuikwepa. Kwa bei ya dawa peke yake sina lawama: punje moja kwa usiku, tyubu inanifikisha miezi miwili na zaidi. Itunzeni mbali na joto. Vyumba vyetu vya bati mchana vinakuwa tanuri. Yangu nimeiweka ndani ya mtungi mtupu wa udongo, chini ya kitanda, ndipo mahali pa baridi kuliko pote chumbani.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipite haraka. Mdogo wangu wa Nansio alikuja kunitembelea, akauona uso wangu, akaomba nimkamulie kidogo kwenye kichupa aondoke nayo Ukerewe. Ana mimba ya miezi minne. Nilimkatalia, akanuna, akasema nimekuwa mchoyo. Nikamkalisha chini nikamweleza: retinoidi za vidonge, kama isotretinoini, zinajulikana kuharibu mtoto tumboni, na hata hizi za kupaka, ambazo kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana, madaktari wanashauri mjamzito asizitumie. Anayepanga kubeba mimba naye azungumze na daktari kwanza. Tulikwenda wote famasi, dada yule akamshauri aonane na daktari, akisema zipo dawa nyingine za chunusi zinazofaa kwa mjamzito. Alipanda meli akiwa ameshanisamehe.

Nami naendelea. Daktari alisema chunusi zikitulia nisikatishe ghafla, kwa sababu mazibo huanza kujengeka tena kimyakimya. Kwa hiyo sasa, badala ya kila usiku, napaka usiku mmoja naruka mmoja. Shangazi sasa ndiye ananikumbusha kabla hajazima taa. Tyubu ya tatu niliifungua mbalamwezi iliyopita.