Raketi ya padeli: ipi inaendana na mchezo wako

Padeli ni mchezo wa wawili kwa wawili, unaofanana na tenisi, katika uwanja uliozungukwa na kuta za kioo ambazo mpira huruhusiwa kuzigonga baada ya kudunda. Raketi yake haina nyuzi. Uso wake ni sponji iliyofunikwa kwa faiba ya kioo au kaboni na kutobolewa matundu, kwa hiyo huwezi kuikaza wala kuilegeza baadaye kama ya tenisi. Ulichonunua ndicho utakachopigia mpaka kichoke.

Sheria zimebana vipimo: urefu usizidi sentimita 45.5, upana 26, unene milimita 38. Ndiyo maana zote zinafanana ukizitazama ukutani dukani. Tofauti iko kwenye umbo (duara, tone au almasi), mahali uzito ulipokaa, sponji na uso, na kwa mpangilio huohuo. Anayeanza na rangi, au na jina la bingwa lililoandikwa ubavuni, anaanza mwisho.

Hapa tumezipanga kwa mtu anayecheza mara moja hadi tatu kwa wiki na hajapita miaka miwili uwanjani. Wachezaji wa mashindano wana hesabu zao.

Ya kwanza: duara

Kila uso una mahali panapoitika, pale mpira unapotoka safi bila mkono kutetemeka. Kwenye duara pako katikati na ni papana, na uzito umekaa karibu na mkono. Ukichelewa kidogo, mpira bado unavuka wavu. Hii ndiyo raketi ya mtu anayesubiri mpira utoke kwenye kioo, anarudisha lobu ndefu (mpira wa juu unaowapita wapinzani vichwani) na kumwachia mwenzake kazi ya kumaliza. Mara nyingi huyo ndiye anayesimama upande wa kulia.

Tafuta gramu 350 hadi 365, au 340 hadi 355 kwa mwenye mkono mwepesi, uso wa faiba, sponji laini au ya kati. Kwa bei za Ulaya, yuro 60 hadi 100 zinatosha kwa ya kwanza. Lakini usidhani kila duara ni la wanaoanza. ML10 Pro Cup ya Nox ni duara ambalo watu hukaa nalo miaka, na Counter Viper ya Babolat ni duara la ngazi ya juu.

Lawama inayosikika sana ni kwamba duara halina nguvu kwenye smashi, lile pigo la nguvu la juu ya kichwa. Ni kweli kwa kiasi. Ila smashi inayotoa mpira nje juu ya ukuta wa pembeni wa mita 3 hutokana kwanza na kuuwahi mpira na kuupiga ukiwa mbele ya kichwa. Asiyeweza hilo kwa duara hataliweza kwa almasi.

Ya pili: tone

Umbo la tone limepanda kidogo: panapoitika pako juu ya katikati, uzito uko kati na kati. Linamfaa anayepanda wavuni mara kwa mara, anapiga voli (mpira kabla haujadunda) na bandeja (pigo la juu la taratibu, la kukata mpira), na bado analazimika kurudi nyuma kujilinda. Ukiwa umecheza miezi sita na mipira mingi inatua katikati ya uso (alama za mpira kwenye rangi zitakuambia), hapa ndipo pa kwenda. AT10 Genius ya Nox, modeli inayobeba jina la Agustín Tapia, ni tone. Tapia ni miongoni mwa wapiga smashi wakali kuliko wote duniani, na raketi yake si almasi. Hilo tu lingewaokolea wengi fedha.

Ya tatu: almasi

Panapoitika pako juu na ni padogo, na uzito umepanda kichwani. Mpira ukikutana nao pale juu unaondoka kwa kishindo. Ukikutana nao chini ya hapo, unadondoka wavuni na kiwiko kinapokea kilichobaki. Vertex ya Bullpadel na Technical Viper ya Babolat ni za kundi hili. Metalbone ya Adidas nayo ni ya washambuliaji, ila ina vipande vya uzito vinavyohamishika, kwa hiyo unaweza kuishusha kidogo. Nunua almasi ikiwa unasimama kushoto, unapiga smashi kadhaa kila seti na kiwiko hakijawahi kukulalamikia. Masharti yote matatu, si moja.

Sponji na hali ya hewa ya unapochezea

Hapa ndipo miongozo ya Ulaya inapomwacha msomaji wa Afrika Mashariki. Sponji nyingi ni EVA, jamii ya mpira wa povu unaotumika kwenye soli za raba. EVA hulegea kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Sponji laini humrushia mpira anayepiga polepole, kwa sababu inabonyea kisha inarudi. Anayepiga kwa kasi huimaliza hadi mwisho, mpira ukazama na kupoteza nguvu. Sponji ngumu humlipa mwenye kasi peke yake; mwenye mkono wa taratibu atahisi anapigia ubao.

Ukicheza Dar es Salaam au Mombasa mchana, ile iliyoandikwa "laini" inazidi kulainika mkononi. Chukua ya kati, hata kama wewe ni wa kuanza. Anayecheza saa mbili usiku tu anaweza kubaki na laini.

Nairobi mambo yanageuka. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka juu zaidi na kwenda mbali. Sheria zenyewe zinaruhusu mpira wa mdundo mdogo kuanzia mita 500 kwenda juu. Kule nguvu unapewa bure na hewa, unachokosa ni kuuzuia mpira usigonge kioo cha nyuma kabla ya kudunda. Kwa hiyo duara, au tone la uzito wa chini, lina faida kubwa zaidi. Na usikimbilie sponji ngumu eti upate udhibiti: usiku wa Julai baridi itaikakamaza zaidi, na kiwiko ndicho kitakacholipa. Sponji ya kati yatosha.

Uso

Faiba inanyumbuka, ni rafiki wa mkono na bei yake ni ndogo. Kaboni ni ngumu zaidi na haichoki upesi. Namba za 3K, 12K na 18K zinahesabu maelfu ya nyuzi katika kishada kimoja, si ngazi za ubora. Kaboni ya 18K juu ya sponji laini inaweza kuwa nyororo kuliko 3K juu ya ngumu. Ule mparuzo wa mchanga uliopakwa usoni kusaidia kuzungusha mpira hufutika ndani ya miezi. Michongo iliyotoka na uso wenyewe hudumu zaidi.

Ukiishika dukani

Ipime kwa mizani ya jikoni. Lebo husema 360–375, na raketi mbili za modeli moja zinaweza kupishana gramu 10. Ukiagizia kwa ndugu aliye Dubai, mwombe apige picha ikiwa juu ya mizani.

Kisha ilaze juu ya ukingo wa rula mpaka itulie bila kuegemea upande, upime kutoka kitako cha mpini hadi kwenye rula. Chini ya sentimita 25.5 uzito uko mkononi, karibu na 26 uko kati, 26.5 na zaidi uko kichwani. Mpini karibu wote hutoka kiwandani ukiwa mwembamba: ushike, na kama kidole kidogo cha mkono wa pili hakipati nafasi kati ya ncha za vidole na kiganja, ongeza gripu moja, yaani utepe wa kuzungushia mpini. Kila gripu ni takriban gramu 5, na inashusha uzito kuelekea mkononi. Kilinzi cha fremu, utepe unaobandikwa ukingoni juu, hufanya kinyume.

Pima na urefu. Raketi za tenisi ya ufukweni, zinazofika sentimita 50, huuzwa mtandaoni kama za padeli. Hazina kamba ya mkononi, na padeli inailazimisha kisheria.

Kwa iliyotumika, igonge kwa kifundo cha kidole uso mzima, pande zote mbili. Sauti iwe moja. Ikitoka butu mahali, uso umeachana na sponji. Tazama pia pembe za daraja, pale mpini unapoungana na uso: ufa wa rangi hauna neno, ufa unaoingia ukucha ni raketi iliyokwisha.

Na usiiache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Joto mle hupita nyuzi 50, na gundi inayoshika uso ndiyo ya kwanza kuachia.